Vichangamshi kwa Mtoto Mwenye Upungufu wa Umakini: Hofu ya Familia na Wajibu wa Mtoa Huduma

Somo hili linaanza na bibi mmoja wa Maneromango, wilayani Kisarawe. Bibi huyu si mtu mmoja aliye hai. Tumemuunda kwa ajili ya somo, ili maswali ambayo familia nyingi huyabeba moyoni yapate mdomo wa kuyasema. Analea mjukuu wa kiume wa miaka 9, aliye darasa la 3. Mtoto hatulii kitini, hamalizi kazi anayopewa, hupoteza daftari na penseli kila mara, na akitumwa dukani husahau alichotumwa. Shuleni amekwisha kuchapwa mara nyingi, hata fimbo haimtishi tena. Nyumbani wapo wasemao kwamba ana mashetani, na wapo wasemao kwamba bibi amemdekeza. Baada ya safari kadhaa, kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya na kisha Dar es Salaam, bibi amerudi na bahasha yenye vidonge vidogo. Siku ya pili kijana wa jirani akamsomea karatasi ya maelezo, akamwambia kwamba dawa ile inadhibitiwa na sheria pamoja na dawa za kulevya. Bibi akavifungia vidonge sandukuni, akaenda kwa muuguzi wa zahanati.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Nieleze ukweli. Mmenipa unga nimlishe mjukuu wangu?”

Mengi yanategemea jibu la muuguzi. Akicheka, atampoteza bibi na mtoto kwa pamoja. Akisema tu, “Hapana bibi, hiyo ni dawa,” atakuwa hajajibu, kwa sababu alichosomewa bibi ni cha kweli. Lengo la somo hili ni kumwandaa mtoa huduma, mzazi na mgonjwa mwenyewe wajibu swali hilo kwa ukweli wote: dawa hizi ni nini, husaidia kitu gani, huleta madhara gani, na kwa nini mtu anayeziogopa anastahili kusikilizwa kabla ya kufundishwa.

Hali yenyewe ni ipi

Upungufu wa umakini na utukutu, ambao wataalamu huufupisha kwa herufi ADHD, ni hali ya ukuaji wa ubongo. Hauletwi na malezi mabaya wala na ukosefu wa akili. Sehemu za ubongo zinazosimamia kusubiri, kupanga na kuendelea na jambo lisilovutia huchelewa kukomaa, au hufanya kazi kwa namna tofauti. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi huonyesha kwamba takriban watoto 5 kati ya 100 wana hali hii. Huonekana zaidi kwa wavulana. Wasichana wengi hupitwa, kwa kuwa wao mara nyingi huota mchana kimya kimya badala ya kuruka madawati.

Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, huhitaji mtoto awe na angalau dalili 6 kati ya 9 za kukosa umakini, au 6 kati ya 9 za utukutu na pupa. Kwa aliyefikisha miaka 17 au zaidi, dalili 5 hutosha. Dalili ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, baadhi yake ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi, na ziwe zinamharibia mtoto maisha yake. Sharti la mazingira mawili lina uzito mkubwa kwetu. Mtoto anayesumbua shuleni pekee, katika darasa lililojaa na lenye joto, huenda tatizo lake ni darasa. Mtoto anayesumbua nyumbani pekee, huenda kuna jambo nyumbani ambalo hakuna aliyeuliza.

Kabla ya kidonge

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha hali hii. Utambuzi hutegemea historia iliyochukuliwa kwa subira, kutoka kwa mlezi na kwa mwalimu. Kwa hiyo mtoa huduma wa Kibaha au Kisarawe ana kazi isiyoweza kufanywa vizuri zaidi na bingwa aliye mbali: kuondoa sababu nyingine zinazofanana na hali hii.

Aulize kwanza kuhusu malaria kali. Mtoto aliyewahi kupoteza fahamu kwa malaria ya ubongo anaweza kubaki na matatizo ya umakini na tabia muda mrefu baada ya vimelea kutoweka. Tafiti zilizofanywa Uganda zimeonyesha hivyo. Aulize kuhusu kifafa, pamoja na ile aina ambayo mtoto haanguki bali huduwaa kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku. Kisha aulize dawa ya kifafa ni ipi. Fenobabitoni, dawa ya bei nafuu inayotumika sana katika vituo vyetu, huweza yenyewe kumfanya mtoto awe mtukutu na mwepesi wa hasira. Mtoto wa namna hiyo huenda anahitaji kubadilishiwa dawa, wala hahitaji kuongezewa nyingine. Hata hivyo mzazi asiiache fenobabitoni kwa ghafla, maana degedege linaweza kurudi kwa nguvu.

Aulize pia kuhusu selimundu. Watoto wenye selimundu wanaweza kupata viharusi vidogo visivyo na dalili za wazi, na matokeo yake yakaonekana darasani kama uzembe. Apime masikio na macho. Aangalie upungufu wa damu. Aulize mtoto amelala saa ngapi, na kama anakoroma. Aulize alikula nini kabla ya kwenda shule. Mwisho, kwa faragha na kwa upole, aulize kama kuna anayempiga au kumdhuru. Mtoto anayeishi kwa hofu hutazama mlango kila wakati, na mwalimu huandika kwamba hasikilizi.

Dawa hizi zilitoka wapi, na hufanya nini

Mwaka 1937 daktari wa Marekani, Charles Bradley, alikuwa akitafuta dawa ya maumivu ya kichwa kwa watoto waliokuwa wakitibiwa matatizo ya tabia katika hospitali moja ya jimbo la Rhode Island. Aliwapa watoto 30 amfetamini iliyojulikana kwa jina la Benzedrine. Takriban nusu yao walibadilika shuleni kwa namna iliyowashangaza walimu: walikaa, wakamaliza hesabu zao. Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon, aliyefanya kazi katika kampuni ya Ciba nchini Uswisi, alitengeneza methilifenideti. Dawa hiyo iliitwa Ritalin kwa kumbukumbu ya mkewe, Rita, na ikaanza kuuzwa katika miaka ya 1950. Hadi leo methilifenideti na dawa za jamii ya amfetamini ndizo vichangamshi vikuu vya hali hii.

Wengi hushangaa: mtoto aliyechangamka kupita kiasi huongezewaje kichangamshi? Jibu ni kwamba kinachochangamshwa ni breki. Seli za ubongo hupeana habari kwa kemikali, na mbili kati ya hizo, dopamini na noradrenalini, huusaidia ubongo kuchagua jambo moja na kuyaacha mengine yapite. Methilifenideti huzuia kemikali hizo zisirudishwe haraka mno ndani ya seli zilizozitoa, hivyo hudumu kidogo zaidi mahali pa kazi. Amfetamini, pamoja na hilo, huzisukuma zitoke kwa wingi zaidi.

Takriban watoto 7 kati ya 10 hupata nafuu kwa kichangamshi cha kwanza wanachopewa. Lakini nafuu hiyo ina saa zake. Kidonge cha kawaida cha methilifenideti huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja, kikadumu saa 3 hadi 4. Kikiisha, mtoto hurudi alivyokuwa. Dawa haiponyi hali hii, wala haimfundishi mtoto kusoma. Humfungulia dirisha la saa chache, na faida hutegemea kile ambacho mzazi na mwalimu wanakipitisha katika dirisha hilo.

Bingwa ndiye anayeamua dozi. Mtumishi wa kituo cha chini anapaswa kujua desturi yake ili atambue kosa: kwa kawaida huanzwa na miligramu 5 mara moja au mbili kwa siku, huongezwa kwa miligramu 5 hadi 10 kwa juma kadiri mtoto anavyoonekana, na jumla kwa kawaida haizidi miligramu 60 kwa siku. Kwa watoto walio chini ya miaka 6, huanzwa na mafunzo ya wazazi wala si dawa.

Hofu ya kwanza: si dawa ya kulevya?

Sasa turudi kwa bibi. Muuguzi akubali kwanza kilicho kweli. Methilifenideti na amfetamini zimo katika Jedwali la II la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Kathinoni, kiini cha mirungi mibichi, imo katika Jedwali la I la mkataba huohuo na ni ndugu wa amfetamini kikemia. Hapa Tanzania sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya inagusa jamii hii yote. Bibi hakudanganywa.

Akishakubali hilo, aeleze tofauti. Ulevi hutegemea sana kasi na kiasi. Anayenusa au kujidunga kichangamshi huupiga ubongo kwa dakika chache, na raha ya ghafla ndiyo inayomrudisha tena na tena. Kidonge kilichomezwa kwa dozi ya tiba hupanda polepole, hufika kileleni baada ya saa moja au zaidi, kikashuka. Mtoto hapati ulevi; wengi hawahisi chochote isipokuwa kwamba mwalimu hajawaita majina leo. Tafiti zilizowafuatilia watoto hadi utu uzima hazikuonyesha kwamba kutibiwa kwa vichangamshi utotoni kunaongeza uwezekano wa kutumia dawa za kulevya baadaye.

Hatari iliyopo kweli ni kidonge kuingia mikononi mwa mtu mwingine. Kaka mkubwa anaweza kukiuza. Mwanafunzi wa bweni anaweza kuwagawia wenzake usiku wa kuamkia mtihani. Kwa hiyo vidonge vikae mahali pa kufungwa, vihesabiwe, na kwa aliye bweni vishikwe na mlezi wa bweni au muuguzi wa shule. Sanduku la bibi lilikuwa mahali sahihi. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyemweleza kwa nini.

Hofu ya pili: atabadilika awe mtu mwingine?

Watumiaji wa dawa hizi hueleza mambo yanayofanana sana. Wapo wasemao kwamba kwa mara ya kwanza kichwa kimekuwa kimya, kama redio tatu zilizokuwa zikilia pamoja zimezimwa mbili. Wapo wasemao, “Najiona si mimi; utani wangu umekwisha.” Wazazi wengine husema mtoto ametulia mno, hacheki, anatazama ukuta. Malalamiko haya yasipuuzwe. Mara nyingi ni ishara kwamba dozi imezidi au kwamba dawa hii haimfai mtoto huyu. Lengo ni mtoto yuleyule aweze kumaliza sentensi, wala si mtoto aliyenyamazishwa ili watu wazima wapumzike. Mtoto mwenyewe aulizwe, “Dawa inakusaidiaje? Inakuudhi wapi?” Kijana asiyeulizwa huanza kuficha kidonge chini ya ulimi.

Liko jambo jingine linalowatisha walezi. Jioni dawa inapoisha, baadhi ya watoto huwa wakali au hulia kwa saa moja hivi kuliko walivyokuwa kabla ya tiba. Asiyeelezwa hudhani dawa inamharibu mtoto. Aliyeelezwa humpa chakula na nafasi ya kucheza, huahirisha maswali ya shule, na humweleza daktari ili saa za dawa zirekebishwe.

Hofu ya tatu: mwili utadhurika?

Madhara ya mara kwa mara ni kukosa hamu ya kula, kuchelewa kulala, maumivu ya kichwa na ya tumbo, na wasiwasi. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu hupanda kidogo kwa watu wengi. Kuhusu kimo, utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia watoto wa miaka 7 hadi 9 uliona kwamba waliotumia dawa mfululizo kwa miaka 3 walikua pungufu kwa takriban sentimita 2 kuliko wasiotumia. Kwa mtoto aliyeshiba tangu utotoni hilo huenda ni jambo dogo. Kwa mtoto ambaye tayari amedumaa ni sababu ya kupima kwa makini zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, kituo kiandike uzito, kimo, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kwa kutumia mkanda unaolingana na mkono wa mtoto. Kiulize kama mtoto huzimia au hupata maumivu ya kifua akikimbia, kama amewahi kuwa na homa ya baridi yabisi iliyogusa moyo, na kama kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya haya lampeleke kwa daktari wa moyo kwanza. Baada ya kuanza, shinikizo na mapigo vipimwe kila dozi inapobadilishwa na kila baada ya miezi 6. Kimo kipimwe kila miezi 6, na uzito wa mtoto aliye chini ya miaka 10 kila miezi 3. Kazi hii haihitaji safari ya Dar es Salaam. Zahanati yenye mizani, kipimo cha kimo na daftari inaiweza.

Mzazi arudi kituoni mara moja, bila kusubiri tarehe ya kliniki, mtoto akizimia, akipata maumivu ya kifua, akianza kusikia au kuona vitu visivyokuwepo, akisema anataka kufa, akianza kutikisika uso au shingo asivyoweza kuzuia, au, kwa mvulana, uume ukisimama kwa muda mrefu kwa maumivu.

Ratiba ya siku katika maisha ya Pwani

Ushauri mzuri hulingana na jiko na saa za nyumba. Kwa kuwa dawa huondoa njaa, mtoto ale kabla ya kuimeza: chai na mihogo, uji mzito, kiporo cha wali na maharage, chochote kilichopo, mradi kiwe cha kutosha. Mchana huenda akagusa chakula kidogo, asigombezwe. Usiku, dawa inapokuwa imekwisha, sahani yake ijazwe, na kabla ya kulala apewe tena kitu, kama ndizi, karanga au maziwa.

Mtoto akimeza kidonge saa 12 na nusu asubuhi, nguvu yake inaelekea kwisha saa 4. Daktari akiagiza dozi ya pili, itaangukia saa za shule, na hapo huzuka swali la nani ataishika. Mzazi na mwalimu mkuu wakubaliane mapema: mwalimu mmoja ahifadhi vidonge vya juma, ampe mtoto kimoja faraghani na aandike. Mtoto asiitwe mbele ya wenzake kwa maneno “njoo unywe dawa yako ya akili.” Watoto wengi huacha tiba kwa aibu hiyo kuliko kwa maumivu ya tumbo. Dozi ya mwisho isichelewe kufika jioni, maana italiwa na usingizi.

Katika mkoa wetu wenye Waislamu wengi, mwezi wa Ramadhani huleta swali lake. Mtoto ambaye hajabaleghe hawajibiki kufunga, lakini wengi hupenda kujaribu pamoja na wakubwa wao. Kidonge cha saa chache kikimezwa wakati wa daku kitakuwa kimekwisha kabla ya masomo kushika kasi, na kikimezwa wakati wa futari kitamnyima usingizi. Palipo na vidonge vinavyoachia dawa polepole, daktari anaweza kuvipanga wakati wa daku. Kwa mtu mzima anayetibiwa, mlezi wa kijana, au kijana mwenyewe, jambo hili lizungumzwe na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, na sheikh ashirikishwe kuhusu ruhusa ya mgonjwa. Lisiachwe mtu akalipangia peke yake.

Dawa inapokosekana

Lazima tuseme wazi kwamba dawa hizi si rahisi kupatikana. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilikataa mwaka 2019, na tena mwaka 2021, maombi ya kuiweka methilifenideti katika orodha ya dawa muhimu, ikiona ushahidi kuhusu faida na madhara ya muda mrefu haujatosha. Kwa kuwa inadhibitiwa, maduka ya dawa muhimu ya vijijini hayaruhusiwi kuiuza. Familia ya Mzenga au Mlandizi hulazimika kupanga nauli pamoja na bei ya dawa.

Kwa hiyo mlezi ajue mambo matatu. Kwanza, kukosa kidonge cha siku moja au juma moja hakumweki mtoto katika hatari ya degedege, tofauti na dawa za kifafa. Kitakachorudi ni dalili zake za kawaida, na mwalimu aarifiwe. Pili, asifidie kwa kumpa vidonge viwili siku inayofuata. Tatu, asinunue kidonge kisicho na chanzo kinachojulikana, wala asiazime cha mtoto mwingine. Daktari naye aulize kuhusu kipato kabla ya kuandika. Zipo dawa zisizo vichangamshi, kama atomoksetini na klonidini, ambazo bingwa anaweza kuzifikiria. Klonidini ina onyo lake: ikiachwa ghafla, shinikizo la damu linaweza kupanda vibaya.

Dirisha likifunguliwa, nani anapitisha nini?

Utafiti tulioutaja, uliotolewa mwaka 1999 na kuhusisha watoto 579, ulilinganisha dawa iliyosimamiwa kwa makini, mafunzo ya tabia kwa mzazi na mtoto, yote mawili pamoja, na huduma ya kawaida. Baada ya miezi 14, waliopata dawa iliyosimamiwa vizuri walikuwa na dalili chache kuliko waliopata mafunzo pekee. Waliopata vyote viwili walihitaji dozi ndogo zaidi, na wazazi wao waliridhika zaidi. Lakini ilipofika miaka 3, baada ya usimamizi ule wa karibu kwisha, tofauti kati ya makundi ilikuwa imetoweka. Tunajifunza kwamba dawa husaidia inapofuatiliwa, na kwamba peke yake haimfikishi mtoto mbali.

Mwalimu anaweza kumweka mtoto mbele, mbali na dirisha. Kumpa hesabu 3 badala ya 10, kisha nyingine 3. Kumtuma afute ubao ili mwili upate ruhusa ya kusogea. Na kumsifu papo hapo anapomaliza. Fimbo haiongezi dopamini. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu viboko shuleni zimeweka kikomo cha viboko 4 na mamlaka ya mwalimu mkuu, lakini kwa mtoto huyu hata kimoja humfundisha tu kuchukia shule. Nyumbani, agizo liwe moja kwa wakati mmoja, likitolewa kwa kumtazama usoni, na mtoto alirudie kabla ya kuondoka. Wazazi wanaokwenda kwa sheikh, kwa mchungaji au kwa mganga wasidharauliwe. Waombwe tu wasimpe mtoto dawa za kunywa bila kumweleza daktari, na wasikubali afungwe wala achanjwe.

Hitimisho

Muuguzi wetu wa Maneromango alimkaribisha bibi akae. Akamwambia, “Bibi, uliyosomewa ni kweli, na ndiyo maana hatuiuzi dukani. Kisu kilekile hukata mboga na hukata mkono.” Akampima mtoto, akaandika. Wakakubaliana majaribio ya mwezi mmoja: bibi ashike vidonge mwenyewe, mwalimu aandike kila Ijumaa maneno mawili matatu, na mtoto aulizwe. Mwisho wa mwezi, ikionekana dawa haina faida, au madhara yake ni makubwa kuliko faida, itaachwa kwa ushauri wa daktari, wala hakuna atakayemlaumu bibi.

Bibi alihitaji kusikia sentensi hiyo ya mwisho zaidi ya maelezo yote ya dopamini. Mlezi anayejua kwamba ana haki ya kusimamisha tiba huwa na ujasiri wa kuianza.

Maswali ya kujipima

1. Taja mambo manne ambayo zahanati inapaswa kuyachunguza kabla ya kumpeleka mtoto mtukutu kwa bingwa.
2. Mtoto wa miaka 8 anatumia fenobabitoni na mwalimu analalamika kwamba hatulii. Utafanya nini, na utamwonya nini mzazi?
3. Mama anakwambia kwamba mwanawe ametulia lakini hacheki tena. Utamjibu vipi?
4. Andika kwa maneno yako mwenyewe jibu utakalompa mlezi anayeuliza kama kichangamshi ni dawa ya kulevya. Lisome kwa sauti mbele ya mwenzako, naye akwambie kama amesikia ukweli au amesikia kutulizwa tu.